Kabla ya kuhesabu nyota, hesabu nati

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Mabawa hapa Tanga, na kila siku naendesha baiskeli kwenda shuleni upande wa Pongwe. Baiskeli yangu ni mtumba ya gia, breki zake zinabana ringi kwa waya. Nyumbani Muheza mzee wangu ana Phoenix yake ya siku nyingi, nami huitumia nikienda likizo. Nimeona mtandaoni spana ya kukunja yenye vifaa 16 ndani yake: aleni (zile funguo za pembe sita), bisibisi, kikata cheni na vinginevyo. Maoni ya walionunua yananichanganya. Mmoja anasema imemwokoa porini na sasa hatoki bila hiyo. Wa pili anasema imepinda siku ya kwanza tu alipofungua pedeli. Wa tatu anasema imeota kutu kabla mwezi haujaisha. Wa nne anasema kikata cheni ni pambo. Nyota ni nne na nusu, lakini wanaolalamika nao si haba. Ninunue au niache? Na je, moja itatosha kwa baiskeli zote mbili?

Jibu: Marahaba, mwalimu.

Hao wanne uliowataja nawaamini wote. Hakuna aliyedanganya, na bado wanapingana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaisema baiskeli yake huku akidhani anaisema spana. Mimi nimeinamia baiskeli za watu hapa Ngamiani miaka mingi, na kila anayekuja kuniuliza habari za spana hizi namwambia neno moja: simu itie mfukoni kwanza. Pindua baiskeli, kiti chini magurudumu juu, chukua kitambaa, futa vumbi, utazame vichwa vya bolti kimoja kimoja. Ukimaliza ndipo urudi kwenye simu usome maoni, nawe utaona yamekuwa maneno mengine kabisa.

Tuanze na hiyo yako ya gia. Kwenye breki utakuta bolti zenye tundu la pembe sita katikati ya kichwa, na tundu hilo ndilo la aleni. Bolti inayobana waya wa breki, na zile zinazoshika raba, mara nyingi ni aleni ya milimita 5. Shingo ya usukani ni 4, 5 au 6, kutegemea umri wa baiskeli. Nguzo ya kiti ni 5 au 6. Kishikio cha chupa ya maji ni 4. Namba hizi zina utaratibu wake: bolti yenye unene wa milimita 5 kwa kawaida hutobolewa tundu la 4, ya 6 hutobolewa la 5, ya 8 hutobolewa la 6. Kwa hiyo mwenye aleni tatu tu, ya 4, ya 5 na ya 6, ameshaishika sehemu kubwa ya baiskeli ya gia. Ongeza bisibisi nyota ndogo kwa zile skrubu mbili za mkono wa gia wa nyuma, zinazoizuia cheni isirukie kwenye spoki upande huu wala isikwame kwenye fremu upande ule. Basi, hapo umemaliza. Vilivyobaki kati ya hivyo 16 utavigusa kwa nadra. Kile kilichoandikwa T25, chenye ncha kama ua, huenda usikiguse kabisa mpaka siku utakapopata baiskeli ya breki za diski, maana kazi yake kubwa ni bolti zinazoishika diski kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Sasa njoo kwa mzee, Muheza. Phoenix inatoka Shanghai, na ndugu zake Hero na Avon wanatoka Ludhiana, India, lakini mama yao wote ni mmoja: baiskeli ya Kiingereza ya enzi za Raleigh, breki za fimbo, gurudumu la inchi 28, na kila kiungo kimefungwa kwa nati. Ipindue utafute tundu la aleni. Utatafuta mpaka adhuhuri. Magurudumu yanataka spana ya 14 au 15. Kiti kinataka ya 13 au 14. Breki na madigadi zinataka 10 na zilizo chini yake. Spana nyingi za kukunja, ukizifungua zote kama kipepeo, utakuta labda ya 8 na ya 10 zimechongwa pembeni mwa bamba. Ya 15 mara nyingi haimo, kwa kuwa mdomo wa 15 ni mpana na chombo chenyewe kimetengenezwa kiingie mfukoni.

Swali lako la pili kwa hiyo limejijibu: moja haitoshi kwa zote mbili. Na hapo hapo utaelewa kwa nini mtu wa mji kama wetu, mwenye baiskeli ya nati kama hizo zinazopishana asubuhi kuelekea Mgandini, akinunua spana hiyo kwa kusifiwa na mtu mwenye baiskeli ya milimani huko Ulaya, atarudi kuandika kwamba ametapeliwa. Hajatapeliwa. Amenunua ufunguo mzuri wa nyumba ya jirani.

Kwa Phoenix kuna chombo cha zamani ambacho siku hizi vijana wanakicheka: kile kipande cha chuma chenye vichwa viwili vya mviringo, mfano wa mfupa, kila kichwa kimetobolewa matundu ya ukubwa mbalimbali. Ndiyo spana ya kukunja ya babu zetu, isipokuwa haikunjwi. Ina sura mbaya na ni nzito, ila inaingia. Kasoro yake, matundu huwa mapana kidogo kuliko nati, na nati iliyoshika kutu huivua pembe zake ikabaki duara kama gololi. Mimi kwa Phoenix nashauri spana mbili za kawaida, ya 14 kwa 15 na ya 10 kwa 11, pamoja na koleo. Zifunge kwa mpira wa tyubu chini ya kiti, usizikumbuke mpaka zitakapohitajika.

Turudi kwa walalamikaji, maana wana mengi ya kufundisha kuliko wale waliosifu.

Yule wa pedeli. Hapa nina ushahidi wa macho. Kijana mmoja wa Sahare alinijia na spana ya kukunja iliyopinda aleni yake ya 6, ameishika mbele yangu kama anayeleta kesi kwa mjumbe. "Fundi, tazama wanachotuuzia." Nikamwuliza alikuwa anafungua nini. Pedeli. Ipi? Ya kushoto. Uliizungusha wapi? Akanionyesha kwa mkono. Mwalimu, yule bwana alikuwa ameikaza pedeli ile kwa nguvu zake zote, robo saa nzima. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, na imewekewa makusudi ili isijifungue yenyewe mtu anapokanyaga. Kanuni usiyoweza kuisahau ni hii: spana ikisimama juu ya pedeli, ivute kuelekea gurudumu la nyuma na pedeli italegea, iwe ya kulia iwe ya kushoto. Ielekeze mbele, inakaza. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama naweza kuinyoosha ile aleni. Haikunyooka. Chuma kigumu kikipinda namna ile kimeshachoka, ukikirudisha kinakatika.

Lakini hata angezungusha upande wa haki, spana ile ilikuwa inaonewa. Pedeli inakazwa kwa nyutoni-mita 35 hivi, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na kufungua iliyokaa miaka huwa kazi zaidi ya hapo. Wewe ni mwalimu, hesabu hii utaifanya kichwani. Nikishika spana ya pedeli yenye mkono wa sentimita 30, natakiwa nisukume kama kilo 12, na kilo 12 hata mtoto wa darasa la saba anaziweza akijiegemeza. Spana ya kukunja mkono wake ni ule mwili wake mwenyewe, sentimita 8 tu. Kwa kazi ile ile sasa natakiwa nisukume kilo 45, karibu mfuko mmoja wa saruji, ile mnayopishana na malori yake huko Pongwe, yote kwa kiganja kimoja juu ya kipande cha chuma chenye kona kali. Ama spana itapinda, ama kiganja kitachubuka, ama itachomoka uache ngozi ya vidole kwenye meno ya cheni. Yote matatu nimeyaona, la tatu kwenye vidole vyangu mwenyewe.

Chukua sasa bolti ndogo ya usukani, inayotaka nyutoni-mita 5 tu. Kwa mkono ule ule wa sentimita 8 unasukuma kilo 6 na kidogo. Hapo spana ya kukunja iko kwao. Tena ufupi wake unakuwa msaada, kwa sababu mtu mwenye aleni ndefu huikaza bolti ndogo mpaka anaikata, na bolti iliyokatikia ndani ya shingo ya usukani ni kazi ya drili na dua.

Kwa hiyo ukisoma maoni, tafuta mtu alikuwa anafungua bolti gani. Akisema raba za breki, kiti, usukani, msikilize. Akisema pedeli au mhimili wa mikono ya pedeli, msikitikie tu, maana hata aliyeiunda spana ile hakukusudia ibebe mzigo huo, ingawa, na hili nawalaumu wauzaji, aleni ya 8 humo ndani ndiyo inayomdanganya mtu. Anaiona, anajiambia kumbe pedeli inafunguka. Na mara nyingi hiyo ya 8 si aleni nzima, ni kikofia kidogo kinachovalishwa juu ya ile ya 6. Kikianguka mchangani njia ya Tongoni, mpe pole, hutakiona tena.

Kuna sababu nyingine ya aleni kuharibu bolti, nayo sijaona mnunuzi hata mmoja akiitaja. Ni tope. Tundu la bolti linaangalia juu, mvua za masika zinalijaza udongo, jua linaukausha, unakuwa kama tofali. Mtu anaingiza aleni, inazama nusu tu, naye anadhani imefika mwisho. Anapozungusha, zile pembe zinashika ukingoni mwa tundu na kuula. Anaandika: aleni laini, haifai. Mimi nina msumari mwembamba niliounoa, na kabla ya aleni yoyote nachokonoa tundu, napuliza, nachokonoa tena, mpaka nione chuma kinang'aa chini. Halafu naingiza aleni na kuigonga kidogo kwa kiganja ikae. Tabia hii moja imeniokolea bolti nyingi kuliko aina yoyote ya chuma kutoka nchi yoyote.

Wa kutu. Huyu sikuambii umpuuze, kwa sababu sisi ni watu wa pwani, na yeye huenda naye ni wa pwani ya kwake. Upepo wetu, uwe kaskazi uwe kusi, unakuja na chumvi. Chumvi ikitua kwenye chuma inavuta unyevu wa hewani, na kwenye vile viungo ambako bamba linagusa bamba maji hayo hayakauki. Ukisoma mtu wa nchi kavu anasifu kwamba spana yake ina miaka kadhaa na bado inang'aa, mpongeze, lakini yake haijawahi kulala Raskazone.

Jingine, ubavuni utakuta pamechorwa Chrome Vanadium, na watu wakiona neno hilo la kwanza wanajua haitashika kutu. Sivyo. Kromi iliyomo kwenye chuma hicho ni kama asilimia 1 tu, nayo imewekwa kwa ajili ya ugumu. Chuma kisichoshika kutu kinaanzia asilimia 10 na nusu ya kromi. Kinachong'aa kwenye spana yako ni utando wa juu tu, wamepaka kama anavyopakwa mtu mafuta, na ncha ya aleni ndiyo inayochubuka kwanza kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi. Dawa yake ni rahisi. Nunua kichupa cha oili ya cherehani. Kila Jumamosi fungua viungo vyote, tone moja moja, funga, fungua, futa kwa kitambaa. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, itatoka jasho humo. Iviringishe kwenye kitambaa chenye oili kidogo, basi. Ikinyeshewa au ukiishika kwa mkono wenye jasho la safari, ioshe kwa maji baridi ya bomba, ikauke, ndipo oili.

Ya kikata cheni inataka nafasi zaidi kidogo, maana hapa ndipo nilipobadili mawazo.

Zamani nilikuwa nasema kama huyo wa nne: ni pambo. Nilisema hivyo kwa sababu mteja wangu mmoja aliniachia spana yake ya kukunja wiki nzima niijaribu, nikaijaribu kwa cheni zilizokuwa mbele yangu, na zilizokuwa mbele yangu zilikuwa za Phoenix. Cheni ya Phoenix ni pana, nafasi ya ndani baina ya bamba na bamba ni kama milimita 3.2. Ya gia haizidi 2.4, na kadiri gia zinavyoongezeka cheni nzima inazidi kuwa nyembamba. Kile kitanda cha kikata cheni cha spana ile, pale cheni inapolazwa, kilikuwa chembamba. Cheni haikukaa wima, ilikaa ubavu, na nilipozungusha skrubu, ile sindano inayosukuma riveti, yaani kipini cha kiungo cha cheni, ilienda mshazari ikapinda kama mkia wa nge. Nikairudisha kwa mwenyewe kwa aibu na sindano nyingine.

Ujinga ulikuwa wangu. Cheni ya Phoenix haihitaji kukatwa njiani. Ina kiungo chake maalumu chenye kibanio mfano wa samaki. Kisukume kwa koleo, kinachomoka, cheni imefunguka. Ukikirudisha, mdomo wa samaki, yaani upande wazi, uangalie nyuma, kinyume na cheni inakoelekea, ili kikigusa kitu njiani kisisukumwe kikatoka.

Baadaye nikaijaribu kwa cheni ya gia, nyembamba, safi, sindano imenyooka katikati ya riveti. Ikasukuma vizuri tu. Polepole, kwa mkono mzito, lakini ikasukuma. Kwa hiyo kwa baiskeli yako kikata cheni kina maana, ila ujue mambo mawili kabla hujafika njiani. Moja, ukisukuma riveti usiitoe yote. Iache ining'inie kwenye bamba la nje, la sivyo hutairudisha. Mimi niliwahi kuitoa yote, mbele kidogo ya Tongoni, jua la saa saba, na nusu saa baadaye nilikuwa nasukuma baiskeli kwa miguu huku nimeshika riveti mkononi kama ushahidi. La pili, kwa cheni za gia 9 na kuendelea, riveti iliyosukumwa isirudishwe, ikirudi inakuwa dhaifu. Nunua kiungo cha akiba, vile vipande viwili vinavyoshikana bila riveti, cha idadi ya gia zako za nyuma hasa. Ni kidogo kuliko kucha. Kibandike kwa utepe ndani ya mkoba wa kiti. Kikata cheni kitatumika kutoa kipande kilichokatika tu, na kiungo hicho kitaunganisha.

Sasa wale wanaosifu. Nao wana makundi yao. Wa kwanza ni wa "nimeipokea leo, nzuri sana, asanteni." Huyo amesifu kifungashio. Mwingine ameinunulia baba yake zawadi. Baba hajaifungua. Mwingine anasifu uzito na rangi. Wote hao wanahesabiwa kwenye zile nyota nne na nusu. Tafuta mwenye kutaja muda: nimekaa nayo mwaka, aleni ya 5 imeanza kulika, kiungo kimelegea nikakikaza. Maneno ya namna hiyo, hata kama katoa nyota tatu, yana thamani kuliko ishirini za siku ya kwanza. Na tazama tarehe za maoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na bidhaa za mtandaoni zina wagema wengi: ya awali ilikuwa ya chuma kigumu, ikasifiwa, ikaigwa, sura ikabaki na chuma kikabadilika. Ukiona sifa zote ni za zamani na malalamiko yote ni ya karibuni, ujue tembo limeshatiwa maji.

Hiyo hesabu ya 16 nayo isikutie tamaa. Mara nyingine mianya ya kukazia spoki huhesabiwa mmoja mmoja, na kifungua soda nacho kinapewa namba yake. Nimeona yenye vifaa vichache, vipana na virefu zaidi, ikifanya kazi nzuri kuliko ile iliyojazwa mpaka inanenepa, kwa sababu ikinenepa haiingii pembeni mwa bolti. Bolti za kishikio cha chupa ndizo zinazoonyesha: spana nene inagonga fremu kila robo mzunguko, unachomoa, unaingiza, unachomoa, unaingiza.

Ushauri wangu kwako basi: nunua, lakini nunua ndogo. Aleni 2, 2.5, 3, 4, 5 na 6, bisibisi nyota, bisibisi bapa, na kikata cheni kama bei haikuumizi. Ukiweza kuipata dukani uishike kuliko kuletewa, nenda dukani na baiskeli yako. Mwombe muuzaji uingize aleni ya 5 kwenye bolti ya breki, usizungushe, itikise tu. Ikicheza kama jino bovu, mrudishie. Tazama ncha, ziwe na pembe kali zilizokatwa sawa, zisiwe zimeviringwa. Halafu tazama pini zinazoshika viungo. Ziwe bolti zinazoweza kukazwa, zisiwe zimegongwa riveti, maana spana hizi hulegea zenyewe kwa mtikisiko wa njia, na utahitaji aleni nyingine kuikaza spana yako ya aleni. Ndiyo, mwalimu, nami nilicheka siku nilipogundua. Kuijaribu kwa tupa kuona kama chuma kinaliwa ni jaribio zuri sana, lakini muuzaji atakufukuza, na atakuwa na haki.

Na usije ukafika Pongwe na spana ya kukunja nzuri mfukoni, halafu pancha ikakulaza njiani. Aleni hazizibi pancha. Njia zenu hizo zina misumari ya malori, na ukikata kupitia kwenye mashamba ya mkonge, ule mwiba wa ncha ya jani unaingia tairi kama sindano ya hospitali. Pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa, vipande viwili vya plastiki vya kuchopolea tairi, na spana ya 15 kama magurudumu yako ni ya nati. Hii ya mwisho iangalie leo leo, kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba zinazokuja kwetu zina nati nyuma hata kama mbele zina kishikio cha kufungua kwa mkono. Ukikosa spana ya 15, gurudumu la nyuma halitoki, na gurudumu lisipotoka, viraka vyako vyote na hizo aleni zote ni mzigo wa bure.

Kuhusu Phoenix ya mzee, ukifika likizo, kabla hujagusa kitu shika mikono miwili ya pedeli uitikise. Mmoja ukicheza, kota pini, ile pini inayoushika mkono huo kwenye mhimili, imelegea, na hapo hakuna spana ya kukunja wala ya kunyooka itakayokufaa. Tegemeza mkono huo wa pedeli kwa gogo au kipande cha bomba kilichosimama juu ya sakafu, ili pigo lisiende kwenye gololi za ndani. Gonga pini kwa nyundo iingie, ndipo ukaze ile nati yake ndogo. Usigeuze utaratibu ukategemea nati iivute pini, nyuzi zitakatika. Mpe mzee azunguke nayo mpaka sokoni na kurudi, kisha uigonge na kuikaza mara ya pili.